Fundi wa Baridi

Fundi alikuwa akigusa ukuta kabla ya kukupa mkono. Ukimkaribisha nyumbani, ukimfungulia mlango wa gari, ukimwingiza ofisini kwako, kiganja chake cha kulia kilitangulia ukutani, kikatulia hapo kama cha mama juu ya paji la mtoto mwenye homa, kisha ndipo aliposalimia. Mwanzoni nilidhani ana shida ya magoti na anatafuta pa kujishikiza. Baadaye nikajua kwamba anapima. Aliweza kukwambia kuwa ukuta ule unatazama magharibi, kuwa ndani yake hamna kitu cha kuzuia joto, na kuwa saa tisa alasiri chumba kile hakikaliki. Hayo yote yalikuja kabla hajajibu kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Nilimjua kwa miaka kumi na miwili na sidhani nilimwita kwa jina lake hata mara moja. Wakenya wa Minneapolis na Saint Paul tulimwita Fundi, basi. Duka lake lilikuwa mtaa wa Frogtown, kwenye barabara ya University, kati ya mkahawa wa tambi na saluni ya kusuka nywele. Bango la mlangoni lilikuwa na neno moja tu, Baridi, kwa herufi za bluu, na wateja wake Wamarekani walidhani ni jina la ukoo. Walimwita Bwana Baridi, naye aliitika.

Alitengeneza friji, friza na viyoyozi vya dirishani, lakini kazi iliyompa sifa ilikuwa ya matrela ya safari, zile nyumba ndogo zenye vitanda, jiko na choo ambazo watu huzikokota nyuma ya gari wakati wa kiangazi. Sisi Wakenya tulichelewa kuzipenda. Wengi wetu tuko kwenye hospitali na nyumba za wazee, likizo zetu ni fupi, na kulala porini kwa hiari tulikuona ni mchezo wa watu waliokulia kwenye zulia. Kisha watoto wakaanza kutaka mbwa, hoteli zikaanza kuwakataa mbwa hao, na trela likageuka kuwa jambo la maana.

Letu mume wangu alilinunua kwa mzee mmoja wa Anoka. Lilikuwa jeupe, safi, na kiyoyozi chake kilipiga kelele kama mashine ya kusaga nafaka. Tukalikokota moja kwa moja hadi Frogtown, sisi wawili, binti yetu Nduta aliyekuwa na miaka minane, na mbwa aliyempa jina la Biskuti. Ilikuwa Juni, adhuhuri, jua limesimama. Fundi alitoka na sweta lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, akaligusa trela ubavuni, akatusalimu, akauliza:

"Nyinyi mkitoka, humu ndani hubaki nani?"

"Habaki mtu, Mzee," mume wangu akajibu. "Tuko watatu tu. Ni mbwa ndiye anaweza kubaki kidogo."

"Haya. Hebu ingia."

Mume wangu aliingia akidhani anaenda kuonyeshwa kitu. Fundi akamfuata, akafunga mlango, na kupitia kioo nikamwona akifunga madirisha moja moja na kile kidirisha cha paani. Kisha wakakaa. Mimi na Nduta tulikuwa kwenye kivuli cha duka na mbwa wetu, tunangoja. Zilipita dakika ishirini. Mume wangu ni mtu wa Nyandarua, amelelewa kwenye umande na viazi. Alipofunguliwa mlango, shati lilikuwa limemganda mwilini na alikuwa amevua viatu. Fundi alishuka nyuma yake, mkavu, sweta halijafunguliwa hata kifungo kimoja.

"Wewe ulikuwa unajua mlango uko wapi," alimwambia. "Na ulikuwa unajua mimi n'tafungua. Mnyama hajui hata moja katika hayo mawili."

Ndipo akaanza kazi. Mume wangu hakumzungumzisha siku ile, na baada ya wiki moja alikuwa akiwasimulia watu kisa hicho kwa fahari, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Mafundisho ya Fundi hayakuandikwa popote. Aliyasema akiwa juu ya ngazi, mdomoni ana skrubu mbili, na ilikuwa juu yako kusikia. Trela lipozwe kabla ya safari. Siku ya kuamkia safari chomeka umeme wa nyumbani, uache kiyoyozi kifanye kazi mpaka makabati, sufuria na vitanda vyenyewe vipoe, maana hewa hupoa upesi na kusahau upesi, lakini godoro likipoa linakumbuka. Uondoke alfajiri, saa sita mchana uwe umekwisha kuegesha, na ubavu wenye madirisha makubwa usiwe upande wa magharibi. Madirisha uyazibe kwa vibao vyepesi vya foili inayong'aa na kurudisha jua, na kidirisha cha paani kiwe cha kwanza. Kukaanga samaki mchana ni nje. Mnyama asisafiri ndani ya trela linalokokotwa, asafiri garini na watu. Manyoya yake huziba kichujio cha kiyoyozi kuliko vumbi, kwa hiyo kichujio kioshwe kila jioni. Chupa za maji zigandishwe, zifungwe kwa taulo, ziwekwe pale anapolala.

Na zaidi ya yote, alikuwa na chuki na umeme wa kambi. "Ule ni umeme wa watu wengi," alisema. "Ikifika saa tisa kila mtu ana joto, kila mtu anawasha. Volti zinashuka. AC yako inavuta, inavuta, mwishowe inakata tamaa. Na wewe uko mlimani unapiga picha." Kwa hiyo mnyama asiachwe peke yake zaidi ya saa moja, hata kama kuna kipimajoto kinachotuma habari kwenye simu. Hasa kama kuna kipimajoto, kwa sababu mtu mwenye kipimajoto hujisahau.

Vipimo vyake vyote vilikuwa vya Selsiasi. Alikaa Marekani zaidi ya nusu ya maisha yake na hakukubali kipimo cha Kimarekani. Mteja akimwambia ndani kuna digrii tisini, alijibu kwamba basi hapo ni pa kupikia mayai, akangoja mpaka mteja afanye hesabu.

Mtu angedhani fundi wa namna hii anapenda baridi. Aliichukia. Sweta lile alilivaa Julai, na Januari alivaa mawili na koti juu yake. Nyumbani kwake, nyuma kidogo ya duka, palikuwa na kiyoyozi kimoja kipya kabisa ambacho sikuwahi kukikuta kinafanya kazi. Madirisha yalikuwa wazi, pazia zinapepea, naye amekaa sebuleni anatoka jasho jembamba la raha. Kwao Mombasa, alisema, joto ni la kukaa nalo kwa sababu upepo unapita. Joto la kuogopa ni lililofungiwa. Nilimuuliza siku moja kwa nini basi amejifunga na kazi ya kutengeneza kitu asichokipenda. Akasema kwamba watengeneza majeneza nao hawapendi kufa.

Alikuwa na paka wawili, Bi Mkubwa na Bi Mdogo, na alisafiri nao kila kiangazi. Waligombana kama majina yao yalivyoamuru, na yeye aliwasuluhisha kwa Kiswahili cha heshima. Kuhusu mbwa mambo yalikuwa magumu kidogo. Amelelewa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na hakuwa mtu wa kuchezea mafunzo ya nyumbani kwao. Nyuma ya mlango wa duka kulikuwa na msumari, na kwenye msumari suruali kuukuu ya kaki aliyoiita suruali ya mbwa. Mteja akija na mbwa, Fundi aliingia nyuma, akabadilisha, akamhudumia, kisha akanawa kwa utaratibu wake wote na kuvaa nguo zake. Siku yenye wateja wengi alibadilisha mara nne. Wenzake wa msikitini walimtania. Mmoja, muuza vitambaa, alimuuliza mbele yangu kwa nini asiwakatae tu wenye mbwa.

"Mimi n'meambiwa n'nawe," Fundi alisema. "Sikuambiwa n'mwache aive."

Hakuwa mtu wa kupendeka kwa urahisi. Aliwafukuza wateja. Mama mmoja muuguzi, rafiki yangu, alimwambia kwa utani kwamba paka wake ana roho saba, na Fundi akamrudishia ufunguo wa trela lake pale pale, akasema atafute fundi mwingine. Hakupiga kelele. Alirudi kwenye friji aliyokuwa akiifungua, na rafiki yangu akabaki amesimama na ufunguo mkononi. Nilipomwombea radhi, Fundi aliniuliza kama nimeleta kichujio changu kioshwe au nimekuja kwa maneno.

Pia alikosea, na alikosea hadharani. Kila mwaka Wakenya hukutana kwenye bustani kando ya ziwa kuchoma nyama, na Fundi huja, ingawa wengi wetu ni wa kanisani na yeye si wa huko. Mwaka mmoja mchungaji alikuwa amesimama kubariki chakula, sisi tumefumba macho, tukasikia kioo kinavunjika. Fundi alikuwa amepita karibu na trela la shemasi mmoja, akaligusa, akachungulia, akaona kitu cha kahawia kimejikunja kitini hakitingishiki. Akabisha. Akaita. Akachukua nyundo garini mwake. Tulipofika mbio, alikuwa amekwisha kuingiza mkono na kufungua mlango, na ndani ya trela, kitini, kulikuwa na koti la manyoya la mke wa shemasi.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Shemasi hakucheka.

"N'mekosa," Fundi alimwambia. "Jumatatu n'takuja na kioo."

Jumatatu alikuja na kioo. Baadaye nilimuuliza kama aliona haya. Akasema kioo amekwisha kukiweka, kana kwamba nimeuliza habari za kioo.

Mke wake nilimwona mara chache. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye kusema polepole, na alinikaribisha vizuri kila nilipopita. Lakini kulikuwa na jambo kuhusu wao wawili ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelieleza. Hawakusafiri pamoja. Wakialikwa harusi Ohio, Fundi aliondoka siku mbili mapema na trela na paka, na mke wake akaenda kwa ndege. Wakirudi, ilikuwa vivyo hivyo. Wengine walisema mama hapendi mambo ya kambi. Wengine walisema wamegombana tangu zamani na wanaficha. Mimi niliwaona wakimenya machungwa kwenye sahani moja na sikuamini hilo la pili.

Sababu niliijua mwaka tulioenda naye Dakota Kusini.

Tuliondoka alfajiri kama alivyotaka, yeye mbele na gari lake la mizigo na trela lake, sisi nyuma. Nduta alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulilala njiani usiku mmoja, na siku ya pili saa tano asubuhi tukawa kambini, tukaegesha ubavu kwa ubavu, tukaziba madirisha. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Fundi hata safarini Ijumaa huvaa kanzu. Alisema atabaki kambini, asali, alale. Sisi tulitaka kwenda kuona yale majabali yenye mistari ya rangi ambayo watu huyafuata huko, na kwenye njia zile za miguu mbwa haruhusiwi. Tukamwacha Biskuti ndani, kiyoyozi kinanguruma, maji kwenye bakuli, chupa za barafu kwenye taulo. Ndani ilikuwa digrii ishirini na mbili. Nje ilikuwa thelathini na nane.

"Saa moja," Fundi alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Saa moja, Mzee," nikamjibu.

Kila baada ya muda nilitazama simu. Ishirini na mbili. Tukafika kwenye jabali la pili, ishirini na mbili. Mume wangu akasema sasa turudi. Mimi ndiye niliyesema twende hadi la tatu, ng'ambo tu ya barabara, hali ni nzuri, tazama mwenyewe. Nduta akanichukulia simu mkononi, akaniambia kwa Kiingereza kwamba namba ile haijabadilika kwa sababu simu haina mtandao, kwamba hiyo ni namba ya zamani. Nikamwambia anirudishie simu yangu. Tukaenda hadi jabali la tatu, na tukapiga picha. Picha hizo ninazo. Nimetabasamu.

Tulipata mtandao tukiwa njiani kurudi. Simu iliruka kutoka ishirini na mbili hadi arobaini na moja.

Sikumbuki mume wangu aliendeshaje. Tulipofika, mlango wa trela letu ulikuwa wazi na kitasa kinaning'inia. Kambi nzima ilikuwa kimya kwa namna isiyo ya kawaida. Viyoyozi vyote vilikuwa vimezimika. Fundi alikuwa amekaa chini, kwenye kivuli cha gari lake, miguu yake imenyooka vumbini, na Biskuti amelazwa mapajani pake juu ya kanzu nyeupe. Alikuwa akimmiminia maji kwa kopo, tumboni, kwapani, kwenye nyayo, na kumpepea kwa kibao cha foili. Kanzu ilikuwa imeshika matope na mate na matapishi. Paka wake walikuwa ndani ya gari, injini inanguruma, wanatutazama kupitia kioo.

"Usimpe barafu," alisema nilipokimbilia friji. "Maji ya kawaida. Shika kopo. Wewe muuguzi, tazama ufizi wake."

Ufizi ulikuwa mwekundu kama nyama ya buchani. Kidogo kidogo, nikimimina, ukarudi kuwa wa waridi. Biskuti alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama kwenye mji wa karibu, na daktari akasema kwamba dakika kumi zaidi na asingekuwa na la kufanya.

Umeme, Fundi alitueleza baadaye, ulianza kushuka dakika arobaini baada ya sisi kuondoka. Alisikia kiyoyozi chake kinabadilisha sauti, akawahamisha paka. Akaja kubisha kwetu. Biskuti ni mbwa wa kubweka hata jani likianguka. Hakubweka. "Alipokuwa akibweka sikuwa na wasiwasi naye," Fundi alisema. "Kunyamaza ndiko kulikon'tisha." Hakufikiria koti la mke wa shemasi. Alichukua nyundo.

Jioni, jua likiwa bado juu ya nyasi, nilimkuta akifua ile kanzu ndani ya ndoo. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwambia anipe nimfulie. Akakataa. Akaendelea kusugua, kisha akaanza kuzungumza bila kuniangalia, kwa sauti ile ile aliyotumia kuzungumzia vichujio.

"Mke wangu alikuwa na paka. Kabla ya hawa. Alimlea kwa chupa tangu hajafungua macho. Tulikwenda harusi Fargo, Agosti, na trela. AC n'meifunga mwenyewe. Bi harusi ni binti wa rafiki yangu, kwa hiyo tukakaa sana. Mke wangu alin'ambia mara mbili, twende tukamtazame. N'kamwambia, wewe umeolewa na nani? Si fundi? Yule yuko salama kuliko sisi."

Akakamua mkono mmoja wa kanzu.

"Swichi kuu ya umeme ilikuwa imejizima. Tulimkuta nyuma ya mlango. Alikuwa amekwaruza ule mlango mpaka kucha zake zimetoka."

"Mama alisema nini?"

"Hakusema. Alivua leso yake, akamfunga ndani, akampakata mpaka nyumbani. Hakuingia tena kwenye trela. Si lile, n'kaliuza, si hili."

"Alikulaumu?"

"Angen'laumu ningejua la kumjibu."

Alianika kanzu kwenye kamba, akainyoosha mikunjo kwa viganja. Kwa muda wote uliobaki wa safari ile hakunitajia tena kosa langu, na hakumwambia mtu yeyote wa Minneapolis. Najua hakumwambia, kwa sababu mambo ya aina hiyo kwetu hurudi. Niliyewaambia watu ni mimi, baada ya miaka miwili hivi.

Mke wake aliaga dunia baadaye, Agosti, moyo. Tulienda kumpa pole Fundi, tukakuta nyumba imejaa watu na yeye yuko jikoni anatengeneza friji ambayo haikuwa na ubovu. Akaendelea na duka kwa muda. Kisha macho yakapungua nguvu, akanyang'anywa leseni ya udereva, Bi Mkubwa akafa kwa uzee, Bi Mdogo akachukuliwa na wajukuu. Duka lile sasa linauza simu. Binti yake, anayefanya kazi kwa daktari wa meno huko Maplewood, alihamia kwake, na mchana mzee anabaki peke yake.

Nilikuwa nikimpitia siku zangu za mapumziko, kutoka kwangu Oakdale si mbali. Sitasema nilimpitia mara nyingi. Kiangazi kilichopita, Julai, nilikwenda baada ya kutomwona kwa miezi mitatu. Joto lilikuwa la kutisha, thelathini na tano saa saba mchana. Nilimkuta barazani nyuma ya nyumba, amekonda, anatazama trela lake lililoegeshwa uani, foili bado ziko madirishani. Nikampa mkono. Nikamuuliza habari za dawa zake, za usingizi, za miguu iliyokuwa imevimba. Akajibu yote kwa ufupi. Kisha akasema:

"Mama Nduta, n'kwambie kitu. Wiki ya mwisho kabla hajaingia hospitali, mke wangu alin'omba n'mpeleke Duluth. Kwa trela."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kwa trela hili?"

"Hili hili. Alitoka na mkoba wake, akasimama pale kwenye ngazi. Akasema, leo tusafiri wote wawili, n'peleke kwenye lile ziwa, kule ambako kuna baridi ya bure na wewe huna kazi ya kufanya."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Siku yenyewe ilikuwa kama leo. N'kamwambia siku hii si ya safari. Trela halijapozwa, godoro lina moto, njiani utaugua. Tungoje wiki ijayo joto litapungua. Akasema haya. Akaurudisha mkoba ndani." Akanionyesha ngazi kwa kidole. "Wiki ijayo alikuwa amelazwa."

Palikuwa na nyuki kwenye maua ya jirani na mashine ya kukata nyasi mahali fulani. Nimekaa na wagonjwa wengi na familia zao, nina maneno ya kazini ambayo huwa yanafaa. Sikuyatumia.

"Ungekuwa na nafasi," alisema, "ungen'peleka."

"Lini, Mzee?"

"Sasa."

Nilitazama ile miguu yake. Nilifikiria moyo wake, vidonge vya kupunguza maji mwilini, saa mbili na nusu za barabara kwenye joto lile. Jibu sahihi la muuguzi lilikuwa mdomoni: tungoje wiki ijayo, joto litapungua. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

"Ufunguo uko wapi?" nikamuuliza.

Nilimpigia binti yake, nikamwambia. Akasema nisisahau vidonge vya saa kumi. Nikaunganisha trela na gari lake kama alivyonifundisha mwenyewe miaka ile, mnyororo, waya wa taa, breki, naye amesimama kando akisikiliza kila mlio. Tukashika barabara ya kaskazini. Garini niliweka kiyoyozi juu kabisa. Alikunywa maji kila nilipomwambia anywe. Tulipita mashamba, misonobari, vituo vya mafuta, na kwenye dashibodi joto la nje halikuondoka kwenye thelathini na nne.

Kabla ya kuingia Duluth barabara hupanda kilima, na ukifika juu ziwa lote liko mbele yako, la bluu, halina ng'ambo. Hapo ndipo namba ilipoanza kushuka. Thelathini na moja. Ishirini na sita. Tukiteremka, ishirini. Chini, karibu na maji, kumi na sita. Fundi alinyoosha mkono akazima kiyoyozi, akateremsha kioo, na hewa ya ziwa ikaingia na kutujaza gari zima.

Nikaegesha mahali palipo wazi, tunatazama maji. Nilizima injini. Alikuwa amelala kichwa nyuma kitini, mikono imeachwa mapajani.

"Mke wangu alijua," akasema. "Baridi ya bure."

Nilimpa vidonge vya saa kumi, akavimeza. Akavua viatu, akaniomba nimshike mkono, na tukashuka polepole hadi kwenye kokoto, akaingiza miguu majini.